Vidole Viwili vya Baba Yako

Kola, Jumanne jioni

Syombua wangu, Daktari wa Mama,

Umeshuka Machakos mjini kusukwa nywele za safari, na umesema utarudi giza likiingia kwa sababu yule msusi wako ana maneno mengi kuliko vidole. Basi niko na saa chache. Nimekaa kwenye meza ya baba yako, ile yenye mguu mfupi tuliouwekea kigae, na nimechukua daftari lako la kidato cha tatu ambalo hukulimaliza. Usicheke mwandiko. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anaupeleka madarasa mengine wakautazame. Hilo nimekuambia mara nyingi na sijachoka kukuambia.

Sitakuandikia habari za sweta. Sitakuandikia ule nini huko Scotland, usali lini, ujihadhari na wanaume wa namna gani. Umebakiza mwaka mmoja ufikishe thelathini, umefungua watu matumbo ukawashona wakaenda nyumbani kwao kwa miguu. Mtu kama huyo haambiwi avae soksi.

Jumapili niliomba dakika mbili kanisani nikachukua kumi na tano. Niliwaambia unaenda kule upasuaji ulikosomewa tangu zamani za kale, na kwamba wamekuita wenyewe, hukuwaomba. Najua uliwaomba, niliona ukijaza zile fomu kwenye simu. Lakini ukisimama mbele ya watu hivyo, ulimi unapata miguu. Mama Ndinda wa hapo ng'ambo aliniambia tukitoka, "Mama Daktari, sasa hata ng'ombe wako wanajua Scotland ni wapi." Nikamjibu wanajua, na maziwa yameongezeka. Wakacheka wote. Nikarudi nyumbani nikiwa nimejaa, na nilipofungua mlango nikakuta ile picha ya baba yako ukutani inanitazama, na kile kitu kilichonijaa kikaisha chote.

Nakuandikia kwa sababu ya vidole viwili vya baba yako. Kuna jambo nimekuficha miaka sita. Ukilisoma, huenda kesho ukapanda gari bila kunipa mkono, na sitakuwa na la kusema. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kikamba ningehisi nayasema na baba yako akisikia.

Wakumbuka ile Desemba ya mwisho tuliyokuwa watatu? Tulikuwa nyuma ya jiko tunaambua nzuu, mbaazi zetu, sufuria katikati yetu. Ulikuwa umetoka chuoni na kitabu cha maktaba, habari ya daktari mpasuaji wa Scotland wa zamani sana, wakati ambao, ulivyotuambia, wafalme wao walikuwa wanafuatana wote wanaitwa George. Baba yako akasema kumbe hao nao ni kama Wakamba, wanarudisha jina la babu. Jina la huyo daktari lilinishinda kutamka, nikamwita Mzee wa Scotland, na ukasema hilo linatosha.

Ulitusimulia maisha yake yote siku hiyo, na mimi mpaka leo naweza kuyasema bila kitabu. Kwamba alikuwa mtoto wa mtu anayelima shamba la tajiri. Kwamba akiwa kijana mdogo alipelekwa mjini kwa mpasuaji mmoja, akaanza kwa kufagia damu na kunoa visu. Baba yako akauliza kama visu walikuwa wanavichemsha. Ukamwambia, la, walivipangusa kwenye aproni, na aproni ikiwa ngumu kwa damu kavu ndiyo iliyoonyesha mtu ni fundi. Niliposikia kwamba walimu wao walinunua maiti zilizofukuliwa makaburini ili wanafunzi wajifunze, niliweka nzuu chini. Nilikuuliza kama chuoni kwenu pia ni hivyo, ukacheka mpaka ukakohoa.

Halafu akaenda vitani, kwenye meli. Akawa anakata miguu ya watu meli ikiyumba, mgonjwa ameshikwa na wanaume wanne, anauma kipande cha ngozi, kwa maana dawa ya kumlaza mtu ilikuwa haijapatikana duniani. Dakika mbili, ukasema, na mguu uko chini. Baba yako alivuta miguu yake chini ya kiti. "Huyo asinikaribie," akasema, lakini akakuhimiza uendelee.

Akarudi mjini, akawa mkubwa. Akawa anapasua watu kwenye ukumbi wenye viti vya kupanda juu kama ngazi, na watu wanakuja kumtazama kama vile watu wanavyoenda kutazama mpira. Na hapo ndipo likampata lile jambo ambalo wewe ulilipenda na mimi sikulipenda. Aliletewa fundi wa mawe, mguu umeharibika. Ulitakiwa kukatwa siku ileile. Lakini kulikuwa na mtu mkubwa wa serikali aliyekuwa njiani kuja kumtazama akifanya kazi, naye Mzee akasema tumngoje. Wakangoja siku tatu. Mkubwa akafika, viti vikajaa, yule fundi wa mawe akafia pale mezani.

Ukasema huyo Mzee alikuwa na daftari lake. Kila aliyekufa mkononi mwake alimwandika, na sababu. Ya yule fundi aliandika kwamba alimngojesha kwa sababu alitaka kuonekana. Na kila mwaka, wanafunzi wapya wakija, kabla hajawaonyesha kisu aliwasomea ukurasa huo. Wenzake walimcheka, matajiri wakaanza kwenda kwa wengine. Mikono yake ilipoanza kutetemeka aliviweka visu chini mwenyewe, bila kuambiwa, akarudi mashambani kwao, akazikwa huko.

Mimi nikasema huyo mtu ni mjinga. Nani anaandika aibu yake halafu anawasomea watoto?

Baba yako aliambua maganda kama matatu hivi. Kisha akasema, "Huyo ndiye mimi ningempa mguu wangu."

Yalikuwa ni mazungumzo tu. Hakuna aliyejua.

Machi iliyofuata, mvua ikikaribia, plau ilimwangukia mguu wa kulia akigeuza ng'ombe. Wewe uliambiwa kwamba ni kidonda kidogo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia. Unajua alikuwa na sukari. Kidonda kikakataa kufunga. Kwenye zahanati walikisafisha wiki mbili, kisha wakatuandikia barua twende hospitali kubwa. Tukaenda. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, hana hata ndevu. Aliinama akautazama mguu muda mrefu, akaukandamiza hapa na pale, akasema damu haifiki vizuri mbele, vidole viwili vimekufa, vikatwe kesho asubuhi ili mguu ubaki.

Baba yako alikuwa ameketi kitandani. Alinigeukia akasema, na haya ndiyo maneno ambayo nimekunyima miaka sita: "Wakate tu, Kalondu. Vidole viwili nilikuwa navifanyia nini?"

Alikubali, Syombua. Baba yako alikubali.

Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia yule kijana kwamba mguu huo una daktari wake. Binti yangu anasomea udaktari chuo kikuu, mwezi ujao anafunga shule, atamkata yeye mwenyewe. Akaniambia kwa upole kwamba mwanafunzi haruhusiwi kupasua mtu, sembuse baba yake, na kwamba mwezi ni mrefu sana kwa mguu kama ule. Nikamuuliza mbele ya wodi nzima, "Wewe mwenyewe ulipata alama gani?"

Wagonjwa walicheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amefungwa mkono alipiga paja kwa ule mkono mzima. Nikajiona nimeshinda. Yule kijana alijaribu tena, na mara ya tatu, halafu akachoka, akaleta fomu ya kukataa matibabu. Akampa baba yako kalamu. Baba yako akaitazama, hakuishika. Nikaichukua mimi nikatia sahihi, kwa ule mwandiko wangu mzuri.

Baba yako hakubishana nami mbele ya watu. Unamjua. Angekatwa kichwa kabla hajanivunjia heshima mbele ya wageni. Aliomba tu kiatu chake, kikakataa kuingia, tukarudi nyumbani na kiatu kimoja ndani ya kiondo.

Unataka kujua kwa nini. Hata mimi nilitaka kujua, na nimekuwa na miaka ya kutafuta. Kwetu cha kwanza cha mtoto humwendea mzazi, unajua hilo. Gunia la kwanza kutoka shamba lako, mshahara wa kwanza, unaleta nyumbani, mzazi anapokea, anakubariki kwacho. Nilikuwa nimeshawaambia akina mama wa kanisa, tangu ulipoingia mwaka wa kwanza, kwamba hata kisu chako cha kwanza kitakuja nyumbani. Mtu wa kwanza kutibiwa na Syombua atakuwa mimi au baba yake. Niliwaambia mpaka nikaamini ni desturi. Na mguu ulipoharibika, Mungu anisamehe, kuna mahali ndani yangu palipofurahi. Nikasema basi saa imefika. Yule kijana akimkata, itakuwa wewe umenyang'anywa malimbuko yako, na mimi yangu.

Ndivyo nilivyomweka baba yako kama gunia la kwanza.

Tulikungoja wiki nne. Nilimwosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Akina mama walikuja kusali, nikawaambia tunamngoja daktari wetu, na hakuna aliyethubutu kusema kitu kwa sababu kila mmoja alishajua jibu langu. Mama Ndinda peke yake alisimama mlangoni siku moja akaziba pua kwa leso, akaniambia, "Mama Syombua, huo si mguu wa kungoja." Nilikaa miezi bila kuongea naye.

Ulipopiga simu Jumapili nilikuambia amelala. Jumapili nyingine nikasema yuko sawa, amekwenda kuona ng'ombe. Alikuwa hapo hapo pembeni yangu, ananisikia nikimpeleka kwa ng'ombe. Akatabasamu. Siku niliyoenda kuchota maji, ndipo alipokupigia mwenyewe akakuuliza utakuja lini, ukamwambia una mtihani, akakwambia soma.

Najua hiyo simu imekufanya nini. Ulilia kaburini ukisema, "Alinipigia akaniuliza nitakuja lini, nikamwambia nina mtihani." Shangazi yako akakushika. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, na nilikuwa na maneno yanayoweza kukutua huo mzigo palepale, na nikaangalia udongo.

Ulipofika na begi lako, ulifungua kile kitambaa nilichomfunga mguuni. Nilisimama nyuma yako nikingoja useme la kufanya. Nilikuwa nimekuandalia maji ya moto na taulo mpya, nyeupe, niliyoinunua kwa kazi hiyo. Ukageuka na uso ambao sijawahi kuuona tena, ukasema, "Mwaitu, mimi siwezi kufanya kitu hapa. Tafuta gari." Ulikuwa na miaka ishirini na tatu. Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimemtundika baba yako kwenye mabega ya mtoto.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Walikata juu ya goti. Siku ya tatu damu yake ikawa imeshaharibika yote.

Na kwenye ile benchi ya nje ya hospitali ukaniuliza, "Mara ya kwanza mlipokuja hapa, nani alikataa?"

Nikasema, "Unamjua baba yako."

Basi. Maneno matatu. Nimeyasema mara moja tu, hukuuliza tena, na kwa maneno hayo nimekula, nimelala, nimeenda kanisani. Wewe ukamkasirikia maiti, halafu ukajikasirikia wewe. Ukasema ungekuja mapema ungemshawishi. Hakuna wa kushawishiwa, mwanangu. Alikuwa ameshakubali kabla hata kitanda hakijapata joto. Ukachagua kusomea mishipa ya damu na miguu. Kila mtu hapa anasema ni wito. Mimi nikisikia hivyo natoka nje, nakwenda kukata nyasi ambazo hazihitaji kukatwa.

Mwaka juzi ulikuja likizo ukaniambia umeokoa mguu wa mzee mmoja mwenye sukari, vidole vitatu tu vikaondoka. Uliniambia ukiwa umesimama kwenye mlango wa jiko, unakula muthokoi kwenye kifuniko cha sufuria. Ukasema, "Huyo alikubali. Baba naye angekubali tu." Nilikuwa na mwiko mkononi. Siku hiyo ningesema. Badala yake nikaenda kwa Mama Ndinda kujisifu juu ya vidole vya huyo mzee.

Sijui kama nilikupenda wewe au nilipenda kuitwa Mama Daktari. Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka, na siku nyingine nalipata jibu moja, siku nyingine lile lingine. Nakuomba usije ukanijibia. Ninachojua ni kwamba sifa nilizokuwa nakupa zilikuwa zinanunuliwa, na aliyezilipia alikuwa mtu mwingine.

Kuna neno moja tu la kazi ninaloweza kukupa, mimi wa darasa la saba. Huko Scotland kutakuwa na mwanamke kama mimi. Pengine atakuwa mzungu, pengine atanyamaza kuliko mimi, lakini yupo. Atakuja na mgonjwa wake na atajibu kila unaloliuliza kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Usimchukie, atakuwa anapenda, kwa namna yake. Lakini mtoe nje. Mpeleke akanywe chai. Halafu rudi ukae karibu na kile kitanda umuulize mwenye mguu, na umngoje mpaka ajibu. Yule kijana wangu alifanya kila kitu sawasawa isipokuwa hilo, na simlaumu, nilikuwa na kelele nyingi.

Sitegemei kusamehewa. Nasema hivyo si kwa kutaka unibembeleze. Nimejaribu kujisamehe mwenyewe, nikatubu mbele ya mchungaji bila kutaja jina, akanipa andiko la kusoma, nikalisoma. Asubuhi picha ilikuwa palepale. Aliyepaswa kunisamehe alikuwa na nafasi wiki nne nzima ya kunilaumu, na hakunilaumu hata mara moja. Usiku mmoja alinishika mkono tu akasema maji ya chumvi yamezidi moto kidogo. Afadhali angenitukana.

Nilikuwa nimekusudia kuitia hii barua chini ya sanduku lako, katikati ya zile sweta ambazo nimesema sitazitaja. Uisome kule, kwenye baridi, mimi nikiwa mbali. Nimeshaikunja mara moja na kwenda nayo chumbani. Nilipoinua zile nguo nikajiona. Nilikuwa tena namngojesha mtu mpaka siku itakayonifaa mimi. Nikarudi mezani.

Kwa hiyo nitakupa leo, ukishuka tu kwenye pikipiki, kabla hujavua viatu. Ndege yako ni kesho saa nne usiku. Una muda wa kunikasirikia ana kwa ana. Una muda pia wa kupita hospitalini ukiwa njiani, uombe wakutafutie faili la zamani. Utaiona ile fomu. Utaona mahali pa mgonjwa pako wazi.

Ukitaka kulala kwa shangazi yako Mitaboni, nimemwambia mwenye pikipiki asiondoke mpaka nimwambie. Hajui ni kwa nini. Anafikiri nataka kumtuma sukari.

Namsikia sasa anapanda kilima, na kicheko chako kiko nyuma yake. Kesho sitakusindikiza nikiwa nimevaa kile kitenge nilichowaambia watu nitakivaa, isipokuwa uniambie nije. Nimevuta kiti cha baba yako, nimekipangusa. Utakaa hapo usome. Mimi nitasimama hapa mbele yako mpaka umalize, na chochote utakachouliza nitakujibu. Leo sitamjibia mtu yeyote.

Siandiki Mama Daktari hapa chini kama nilivyozoea. Naandika jina langu. Itazame vizuri hii sahihi, kisha uilinganishe na ile ya kwenye faili.

Kalondu